Wageni wa Kurasini: urafiki wa watu wasio na ndugu mjini (Sehemu ya 4)

Leo tuache kidogo mambo ya kuharisha na kuota meno. Nataka nikusimulie historia, ila ni historia inayokuhusu wewe unayelea mtoto Mbagala au Bunju huku mama yako mzazi yuko Kasulu.

Mjamzito akija kliniki kuna maswali lazima tumuulize. Nani atakusindikiza uchungu ukianza? Nani atakutolea damu ikihitajika? Nani atabaki na huyu mkubwa? Huku pembezoni jibu ninalolisikia sana ni "mama fulani, mpangaji mwenzangu". Ukiuliza kama ni ndugu, utaambiwa: "Hapana nesi, yeye Mrangi, mimi Mfipa, tumekutana hapa hapa." Na wengi wanalisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wamekiri umaskini fulani. Hiyo aibu ndiyo imenikalisha niandike, maana mji huu umejengwa na watu wa aina hiyo tangu mwanzo.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, aliyekuja alikuja kama mgeni. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na misafara kutoka bara, wakapita nchi ya Wazaramo. Safari zile za miguu ndizo zilizokuza utani kati ya Wazaramo na Wanyamwezi. Leo tunauchukulia utani kama mizaha tu, lakini ulikuwa na kazi. Ukifia ugenini, nani atakuchimbia kaburi? Nani atasimamia msiba wakati wako wanalia au hawana hata habari? Mtani. Anachimba, anapika, anawachekesha wafiwa, anadai kitu chake na huwezi kumnyima. Ilikuwa bima ya mtu asiye na ukoo karibu. Hata wodini utani unasaidia, jamani. Nimeona bibi aliyegoma kula siku nzima akacheka alipotaniwa na nesi wa kabila la watani wake, kisha akanywa uji.

Baada ya vita kuu ya pili mji ukafura. Mwaka 1948 Dar ilikuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 1957 wakawa zaidi ya 128,000. Nyumba waliyoikuta wageni hawa wengi wetu tumekulia humo: korido katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, bafu na choo. Kila chumba familia yake, kila familia na kwao. Mwanaume anaweza kukaa mwaka mzima bila kumjua wa chumba cha pili, lakini mwanamke hawezi. Uani mnagombania kamba ya nguo, mnaazimana kinu, mtoto wako anakula kwa mwenzio. Kwa maoni yangu ule uani umeokoa watoto wengi kuliko tunavyoandika kwenye vitabu vya afya. Siku hizi tunajenga ukuta na geti kwanza, halafu tunashangaa mama mwenye mtoto wa wiki mbili analia peke yake.

Haya, sasa twende kwa wageni wa mbali zaidi, wale waliotoka nje ya nchi.

Tulipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza waliondoka. Hospitali zikabaki na pengo. Tanganyika ikaomba msaada kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, na wauguzi Waafrika wapatao 20 wakaja kutoka kule, kina dada waliosomea kazi yao hasa. Waligawanywa kwenye hospitali zetu. Ile tunayoiita Muhimbili wakati huo bado ilikuwa na jina la binti wa kifalme wa Uingereza, Princess Margaret.

Fikiria dada wa Johannesburg, anaongea Kizulu au Kixhosa, Kiingereza chake kizuri, anaingia leba na mbele yake kuna mama wa Kizaramo anayesukuma. Anamwambiaje? Namwona akijifunza "sukuma", "pumua", "bado kidogo mama" kabla hajajua hata kununua nyanya. Na kurudi kwao haikuwezekana. Serikali ya makaburu isingewapokea kwa maua. ANC ilifunguliwa tena kisheria Februari 1990, yaani karibu miaka 30 baadaye, na wengine katika muda huo waliolewa, wakazaa, wakazeeka ugenini. Simulizi zao zinaeleza jinsi nyumba zao zilivyokuwa kituo cha kila mkimbizi kutoka kwao: kijana ametoroka, hana shati, njaa inamuuma, anaambiwa nenda kwa sista fulani. Mshahara wa nesi mnaujua ulivyo. Ule ndio ulionunua sufuria kubwa.

Sasa njoo Kurasini, Temeke. Ukipita kuelekea bandarini unaona malori na makontena tu. Mwaka 1963 hapo palianzishwa Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno, na walifundishwa pia wasaidizi wa wauguzi. Aliyeiongoza ni Janet Mondlane, Mmarekani mweupe, mke wa Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO. Huyu mama alikuwa mgeni mara mbili: mgeni Tanganyika, na mgeni kati ya Wamsumbiji wenyewe. Ana watoto wadogo watatu, mume hakai nyumbani, na shule nzima inamtegemea.

FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar, tarehe 25 Juni 1962, kutokana na vyama vitatu vilivyoanzishwa na Wamsumbiji wakiwa ugenini. Kimoja kiliundwa Rhodesia, kingine Nyasaland, na cha tatu, MANU, kilitoka kwa Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi huku Tanganyika na Kenya, kwenye mkonge na bandarini. Hao Wamakonde walianza kama unavyoanza wewe na kikundi chenu cha kufa na kuzikana. Mtu wa kwenu akiugua mnachanga, akifa mnamzika. Siasa ilikuja juu ya mchango.

Na siku moja nesi mwenzangu alihitaji kiti kwenye ndege. Jina lake Samora Machel. Ndiyo, yule yule, kabla ya kuwa rais alikuwa muuguzi hospitalini Lourenço Marques, mji unaoitwa sasa Maputo. Mwaka 1963 alitoroka, akafika Bechuanaland, Botswana ya leo, hana njia ya kuja Dar. Kulikuwa na ndege ya ANC iliyobeba vijana wao. Mkubwa mmoja wa ANC akamshusha kijana wake mmoja ili Mmsumbiji huyu apande. Hawakuwa nchi moja wala chama kimoja. Walichofanana ni kwamba wote walikuwa wametoroka.

Kwa Josina naomba usome taratibu. Josina Muthemba alizaliwa mwaka 1945 Inhambane. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka na wenzake, wakakamatwa Victoria Falls, wakarudishwa na kufungwa. Alipotoka akajaribu tena, akafika Dar akiwa na miaka 20 hivi. Alifanya kazi Kurasini kwa Janet Mondlane: binti wa Inhambane na mama wa Kimarekani, ofisi moja, joto la Dar, wote mbali na mama zao. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza waliokwenda Nachingwea kwa mafunzo ya kijeshi. Mei 1969 akaolewa na Samora huko Tunduru, na Novemba mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Samito. Ndani ya FRELIMO kazi yake ikawa ustawi wa jamii, na alianzisha vituo vya kulea watoto waliopoteza wazazi vitani. Watoto wa watu, wa makabila yote, wanalelewa na wanawake ambao wao wenyewe hawana kwao pa kurudi.

Alikuwa anaumwa huku anafanya kazi. Alifariki Muhimbili tarehe 7 Aprili 1971, miaka 25. Samito alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, umri ambao leo tunamsubiri mtoto aje kwa chanjo ya pili ya surua. Kila nikimchoma mtoto wa umri huo akamng'ang'ania mama yake shingoni, huwa nawaza.

Alizikwa makaburi ya Kinondoni. Mondlane pia alizikwa hapo, baada ya kuuawa kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu, tarehe 3 Februari 1969, akiwa nyumbani kwa rafiki yao Mmarekani, Oysterbay. Baadaye mabaki yao yalihamishiwa Maputo. Lakini kwa miaka kadhaa ukienda Kinondoni kumzika shangazi yako, mashujaa wa nchi ya watu walikuwa wamelala humo humo na wa kwetu. Msumbiji hadi leo 7 Aprili ni siku ya wanawake, mapumziko ya kitaifa. Huku kwetu siku hiyo tunamkumbuka Karume, ndiyo maana wengi hatujui kwamba wenzetu wanamkumbuka mwanamke aliyefia kwenye hospitali yetu.

Nisikudanganye kwamba wageni hupendana tu kwa kuwa wageni. Mwaka 1968 pale Kurasini wanafunzi waligombana na uongozi mpaka shule ikafungwa. Mwezi Mei mwaka huo huo ofisi ya FRELIMO mjini ilivamiwa, na Mateus Muthemba, wa ukoo wa Josina, akauawa. Waliovamia ni Wamsumbiji wenzao. Wa kusini na wa kaskazini, waliosoma na wasiosoma, nani anapata nafasi ya kwenda kusoma nje na nani anapelekwa vitani. Ugenini watu wanabanana, na jambo dogo linakuwa kubwa maana hakuna mzee wa kwenda kumlilia. Mliowahi kugombana uani kwa sababu ya bili ya umeme mnanielewa. Ninachokiona mimi, historia ile na kliniki hii, urafiki wa wageni hushika pale wanapokuwa na kazi moja mikononi: sufuria, mgonjwa, mtoto, jeneza. Wakikaa tu kuhesabiana nani katoka wapi, unaoza.

Lugha nayo ina kazi yake. Miaka ya 1970 walianza kuingia wanamuziki wa Zaire, Orchestra Maquis na wengine, na wao Kiswahili walikuja nacho kutoka Lubumbashi na mashariki ya Kongo. Waliotangulia waliwaita wenzao. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliitwa na mjomba wake Makassy aje bendini kwake, akafika Dar mwaka 1978. Aliishi Sinza, akalea watoto Sinza. Sisi wa afya tunamdai shukrani, maana aliimba juu ya kondomu na UKIMWI waziwazi wakati redio iliona aibu kuupiga wimbo wenyewe. Alifariki Desemba 2010. Asubuhi panda daladala ya Sinza usikilize konda anavyoita kituo: "Kwa Remmy! Kwa Remmy shusha!" Abiria wanashuka na watoto mgongoni, wengi hawajui kwamba mwenye jina alitoka Kongo.

Zamu yangu ya usiku inaanza saa mbili, naishia hapa. Kama bibi yako aliwapangisha vyumba Wamsumbiji au Waafrika Kusini pale Temeke, Keko au Magomeni, muulize walikuwa wanapika nini na nani aliwapokea watoto wao walipozaliwa, kisha uniandikie hapa chini. Sehemu ya 5 nitawapeleka Morogoro, kwenye kituo cha ANC cha akina mama na watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, ambako wasichana wa Soweto walijifungulia ugenini.