Kwa nini Waingereza waliushikilia upinde mrefu

MANOWARI ya Mary Rose ilipozama karibu na Portsmouth mnamo Julai 1545, ilikuwa na mizinga na pinde pia. Kufikia wakati gofu lake lilipoopolewa mwaka wa 1982, wapiga-mbizi walikuwa wamekusanya pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500.

Pinde hizo, nyingi zikiwa na urefu wa karibu mita mbili, zilichongwa kutokana na mti uitwao yew. Fundi aliacha sehemu nyeupe ya nje ya shina iwe mgongo wa upinde, kwa kuwa huvutika bila kukatika. Kiini chekundu, ambacho hustahimili kubanwa, kilielekezwa kwa mpigaji. Kwa njia hiyo kipande kimoja cha mti kilifanya kazi ambayo mafundi wa Asia waliitekeleza kwa kuunganisha mbao, pembe na kano za wanyama.

Kuuvuta upinde kama huo kulihitaji nguvu inayokadiriwa kuwa kati ya kilo 45 na 80. Haikuwa kazi ya kujifunza ukubwani. Baadhi ya mifupa iliyopatikana ndani ya manowari hiyo ina hitilafu ya bega ambayo wataalamu huihusisha na mazoezi ya tangu utotoni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Upinde wenyewe ulikuwa rahisi kununua. Ghali ilikuwa ni miaka ya kumfunza mtu. Mfalme Edward wa Tatu alilijua hilo, na mnamo 1363 akaamuru wanaume wafanye mazoezi ya shabaha siku za mapumziko badala ya kucheza kandanda na michezo mingine aliyoiona ya upuuzi. Sheria ya 1472 nayo ililazimisha meli za wafanyabiashara kuleta miti ya pinde kutoka ng'ambo.

Uingereza, yenye watu wachache kuliko Ufaransa, ilipata faida kubwa. Mpiga mishale wa miguu alilipwa peni tatu kwa siku, ilhali askari wa deraya kamili alilipwa 12. Katika vita vya Crécy mnamo 1346, askari wa kukodiwa kutoka Genoa, waliotumia pinde za mtambo, walizidiwa kwa kasi. Tena ngao zao kubwa zilikuwa zimeachwa nyuma pamoja na mizigo. Huko Agincourt mwaka wa 1415, wapiga mishale walikuwa sehemu kubwa mno ya jeshi la Henry wa Tano.

Mbona basi Wafaransa hawakuiga? Walijaribu. Mnamo 1448 Charles wa Saba aliagiza vijiji vitoe wapiga mishale, nao wakasamehewa kodi, lakini mpango huo haukudumu. Baadhi ya wasomi hudai kuwa watawala wenye viti vilivyotikisika waliogopa kumpa mkulima silaha ya kumwangusha bwana wake. Hoja hiyo ina uzito, ingawa pinde za mtambo pia zilikuwa na mvuto wake: mtu aliweza kuzimudu kwa muda mfupi.

Mizinga ya Ufaransa iliwashinda Waingereza huko Castillon mwaka wa 1453. Hata hivyo, ni mwaka wa 1595 tu ambapo Baraza la Malkia Elizabeth liliagiza pinde za wanamgambo zibadilishwe kwa bunduki.