Ukungu wa Marsabit

Basi la usiku lilitushusha Marsabit alfajiri, na kitu cha kwanza kuona ni kwamba sikuona kitu. Ukungu mtupu. Nilikuja na fulana moja nikidhani naenda jangwani. Abiria mwenzangu, mzee wa makamo, akacheka. "Kijana, hapa ni mlimani."

Ndipo nikakumbuka ndege. Nilikuwa darasa la kwanza, na baba alituzima wote ili asikilize redio. Aprili 10, 2006, ndege ndogo ya Jeshi la Wanahewa, aina ya Y-12, iligonga kilima karibu na mji huu ikijaribu kutua kwenye ukungu. Walikuwemo watu 17. Wakafa 14, wakiwemo wabunge watano: Bonaya Godana, Guracha Galgallo, Abdi Sasura, Titus Ngoyoni na Mirugi Kariuki. Askofu William Waqo pia alikufa.

Hayo majina tunayajua. Lakini mbona walikuwa ndege moja? Godana alikuwa Mgabra, Galgallo na Sasura Waborana. Miezi tisa kabla, Julai 12, 2005, Turbi ilishambuliwa asubuhi, watoto wakielekea shuleni. Waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao Wagabra. Kisasi kikafika Bubisa, Waborana wakauawa. Sasa viongozi wa pande zote walikuwa wanaenda kuketi pamoja waongee amani. Mkutano wenyewe haukufanyika.

Enzi hizo lami iliishia Isiolo. Mkubwa alipanda ndege, mwananchi akapanda juu ya lori. Na huo ukungu, ambao rubani aliukuta, ndio unaolisha msitu wa mlima huu, na msitu ndio unaotunza maji. Pande zote ni ukame. Maji na malisho ndiyo yaliyogombaniwa miaka yote, na siasa ikaja kumwagia petroli.

Kabla sijaachana na kampasi nilisoma historia miaka miwili. Kaskazini ilitajwa tu kukiwa na maiti. Hakuna aliyeniambia kwamba mwaka 2009, wazee wa Wagabra na Waborana walikutana Maikona na Walda, wakakubaliana faini za mifugo kwa anayeua na anayeiba, na jinsi ya kugawana maji na malisho. Nilikuja kulijua mwenyewe, nikiwa nimeshaacha masomo.

Sidanganyi kwamba yaliisha hapo. Damu ilimwagika tena baadaye, hasa viti vya kaunti vilipoanza kugombaniwa. Lakini safari iliyokatikia kwenye kile kilima, kuna watu waliiendeleza kwa miguu.

Jua lilipopanda ukungu ukaondoka, nikauona mji. Nilimuuliza yule mzee ndege ilianguka upande gani. Akanionyesha kwa fimbo, kisha akaniuliza kama nina mpango wa kufika Maikona.

Sikuwa nao. Nikabadilisha tiketi.