Mlima wa Nyumbani: Mchoraji Sam Ntiro na Karama Tusizozitambua

Karibu na mji wa Iringa, kwenye mwamba wa Igeleke, ziko picha za watu na wanyama zilizochorwa kwa rangi nyekundu muda mrefu kabla Injili haijafika katika nchi hii. Waliozichora hawakuacha majina. Waliacha ushahidi kwamba mtu wa huku aliitazama nchi yake, akaona kuwa inastahili kuchorwa.

Wamisionari wa Kijerumani walipofika Konde mwaka 1891, walitushirikisha Neno la Bwana, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini picha za Biblia tulizozizoea zimetoka mbali. Hata leo ingia katika nyumba ya mshirika, Mbeya au Iringa: Yesu aliye ukutani ana nywele za dhahabu, na vilima vilivyo nyuma yake si vya kwetu. Polepole tukaanza kuamini kwamba mambo matakatifu hutokea kwingine.

Maisha ya Sam Joseph Ntiro yanatusaidia kulitafakari jambo hili. Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro, mahali ambapo Misheni ya Leipzig ilianza kazi mwaka 1893. Alisoma sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya mwalimu Margaret Trowell, kisha akafundisha hapo hapo. Mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa Uingereza.

Kijana anayetoka kijijini na kufika mahali kama hapo hujaribiwa kuona haya juu ya kwao. Ntiro aliendelea kuchora nyumbani: vihamba, migomba, miteremko ya mlima, watu wengi wadogo wadogo wakilima, wakivuna na kubeba mizigo pamoja. Katika picha zake ni nadra kuona mtu mmoja aliyetukuzwa peke yake. Kazi ni ya wote, na nchi imewazunguka wote. Wapo walioona kwamba uchoraji huo ni sahili mno. Hakuuacha.

Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Najua baadhi ya wazee wa Kanisa watatikisa kichwa wakisikia habari ya pombe, kama tunavyotikisa tukitajiwa ulanzi. Lakini mada ya picha hiyo si ulevi. Ni ukoo unaotembea gizani na zawadi mabegani, kwa sababu watu wawili wanaunganishwa. Aliyesoma habari ya arusi ya Kana katika Yohana 2 hawezi kuidharau.

Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, Marekani. Usiku wa kijijini ukaingia katika nyumba ileile inayotunza kazi za wachoraji wakubwa wa dunia. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo alitumwa London kuwa Balozi wa nchi yetu, akakaa huko hadi mwaka 1964. Mji alioujia kama mwanafunzi aliurudia akiwakilisha taifa. Alifariki mwaka 1993.

Heshima hiyo ya New York ina swali ndani yake. Je, tulihitaji wageni watuambie kwamba kihamba cha Machame ni kizuri? Bwana wetu mwenyewe alisema jinsi nabii anavyokosa heshima katika nchi yake (Mathayo 13).

Mwenzake Ntiro kutoka Kilimanjaro, Elimo Njau wa Marangu, alilipeleka jambo hili ndani ya kanisa. Huko Murang'a, Kenya, katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, alichora ukutani tangu kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulibiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya Murang'a. Waliofiwa wakaweza kuona kwamba Bwana aliteseka katika udongo uleule uliopokea damu ya ndugu zao.

Wapo wanaoogopa kwamba huku ni kuibadili Injili. Basi tumkumbuke Lucas Cranach, rafiki wa Martin Luther. Katika picha ya madhabahu ya kanisa la mjini Wittenberg, iliyowekwa mwaka 1547, Luther ameketi mezani pa Bwana kati ya wanafunzi. Wajerumani waliichora Injili ikiwa kwao, kwa imani. Tulipozipokea picha za namna hiyo tulidhani ndiyo sura ya mbinguni, kumbe ilikuwa kwao Ujerumani.

Kutoka 31 inatuambia kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono. Katika sharika zetu wamo watoto wanaochora pembeni mwa daftari, nasi tunawagombeza. Tunapojenga kanisa jipya tunaagiza picha dukani. Tuwaulize kwanza vijana wetu: Mchungaji Mwema angeonekanaje akipita Usangu na ng'ombe, au akipanda Uporoto asubuhi ya ukungu? Tusingoje New York itujibu. Bwana atupe macho ya kuiona neema yake ikiwa bado iko shambani kwetu.