Kasiba ya Bunduki ya Kale na Thamani Yake

Mwenye kupima thamani ya bunduki ya kale hatosheki na sura ya nje; huchungulia ndani ya kasiba. Baruti nyeusi ikiwaka huacha masizi yenye chumvi, nayo huvuta unyevu wa hewa. Bunduki isiposafishwa kwa maji na kupakwa mafuta, chuma huliwa na kutu. Masizi huondoka, vishimo vya kutu haviondoki, na bei hushuka.

Lakini hukumu hiyo yataka kuongozwa na historia. Kasiba ya bunduki ya Enfield, iliyotolewa Uingereza mwaka 1853, ilikuwa na kipenyo cha inchi 0.577 na mifuo mitatu ya kuizungusha risasi. Baada ya maasi ya Bara Hindi ya mwaka 1857, Waingereza hawakutaka askari wa Kihindi washike silaha iliyo sawa na yao. Basi kasiba kadha wa kadha zilipekechwa upya hadi inchi 0.656, mifuo ikatoweka. Asiyejua hudhani imelika kwa matumizi mabaya, akaidharau bunduki. Ajuaye hupima kipenyo, akatambua hofu ya dola. Kutu ni hasara. Kupekechwa huko ni ushahidi.