Mlinganyo Ulipokabidhiwa Kalamu

Mwaka 1963, Edward Zajac wa maabara za Bell nchini Marekani alikuwa akichunguza kama setilaiti inaweza kuelekeza upande wake mmoja kwenye dunia muda wote kwa kutegemea mvutano wa dunia. Kompyuta ilizoea kutoa majibu ya aina hiyo kwa tarakimu tupu. Yeye akaiamuru iyachore kwenye skrini, na kamera ikanasa mchoro mmoja baada ya mwingine hadi ikapatikana filamu. Kinachoonekana ni kidogo: kisanduku cha mistari kinayumba huku kikiizunguka dunia, na saa pembeni inahesabu mizunguko. Hata hivyo, naamini hapo ndipo michoro jongefu ya kufundishia sayansi ilipopata msingi wake, kwa kuwa kila myumbo uliamuliwa na mlinganyo, si na mkono wa mchoraji.

Atakayepinga atasema filamu za sayansi zilizochorwa kwa mkono zilikuwapo zamani. Max Fleischer alitoa moja kuhusu nadharia ya Einstein mwaka 1923. Ni kweli, na zilifundisha. Ila mchoraji huonyesha analolijua tayari, ilhali mchoro uliokokotolewa unaweza kumshangaza hata aliyeutengeneza. Badili uzito au kasi, nao utakwenda vingine. James Blinn, aliyekwisha kutengeneza filamu za safari za vyombo vya anga vya Voyager, aliuendeleza mtindo huu wa kukokotoa mchoro katika The Mechanical Universe, mfululizo wa vipindi 52 vya fizikia ulioanza kurushwa mwaka 1985 kutokana na mihadhara ya David Goodstein wa chuo cha Caltech. Humo hata aljebra ilitembea: herufi zilivuka alama ya usawa, zikakatana, zikatoweka. Kila hatua ilikuwa tendo halali la hisabati.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 2002 Barbara Tversky na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona kwamba mara nyingi picha jongefu ilipoonekana kushinda ile tuli, ilikuwa imebeba maelezo zaidi. Tena nyingi hupita kasi mno, jicho lisiwahi. Nakubaliana nao, lakini kosa hilo ni la mwendo wa pambo na wa haraka. Mwalimu unayeandaa slaidi za injini au saketi, jiulize kwanza kama kuna kiasi kinachobadilika. Kama kipo, kikokotoe, kisha mpe mwanafunzi uwezo wa kuusimamisha mchoro na kuurudisha nyuma. Kama hakipo, mwachie picha tuli.