Tija Isiyopimwa Mizanini: Kazi ya Uunganishi kati ya Waundaji na Watumiaji wa Mifumo Kilimanjaro, 1925 hadi Leo

1.0 Utangulizi

Katika uundaji wa programu za kompyuta, tija ya mfanyakazi hupimwa aghalabu kwa mambo yanayohesabika kwa urahisi: msimbo ulioandikwa, kasoro zilizorekebishwa na matoleo yaliyokamilika kwa wakati. Yupo hata hivyo mfanyakazi ambaye sehemu kubwa ya kazi yake haiingii katika hesabu hiyo. Huyu ni yule anayesimama kati ya waundaji wa programu na watu wanaoitumia. Huandaa miongozo, hufundisha na hujibu maswali. Kisha huyarudisha malalamiko ya watumiaji kwa waundaji ili mfumo urekebishwe. Katika makala hii kazi hiyo inaitwa uunganishi.

Makala inajenga hoja kwamba uunganishi haukuzaliwa na kompyuta, na kwamba historia ya ushirika wa kahawa Kilimanjaro inatupatia kielelezo kizuri cha kuuelewa. Hoja kuu ni kwamba uunganishi una pande mbili, yaani kushusha maelezo na kupandisha malalamiko. Upande wa pili unapokatwa, takwimu za uzalishaji zinaweza kuendelea kupendeza huku mfumo wenyewe ukipoteza imani ya wanaoutumia.

2.0 Waunganishi waliotoka vihambani, 1925–1932

Chama cha wakulima Waafrika wa kahawa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa kifupi cha Kiingereza KNPA, kiliundwa mwaka 1925, Charles Dundas akiwa miongoni mwa maofisa wa serikali ya kikoloni waliokiunga mkono. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Kazi za chama zilihusu kilimo: miche, vinyunyizio, dawa za kupambana na wadudu na magonjwa ya mibuni, pamoja na uuzaji wa mazao. Viongozi wake walikuwa wakulima, na kwa hiyo maelezo ya kitaalamu yalimfikia mwenye kihamba kupitia mtu anayeijua mvua yake na udongo wake.

Chama hichohicho kilipandisha pia sauti za wakulima. Walowezi wa Kizungu walipotaka Waafrika wazuiwe kulima kahawa aina ya arabika, KNPA ilikuwa chombo cha kuwatetea. Hapo ndipo utawala ulipoanza kukitilia shaka. Kilipofundisha kunyunyiza dawa kilionekana chenye manufaa. Kilipohoji mambo ya ardhi na uhuru wa wakulima kilionekana cha kisiasa. Makala hii inaona kwamba shughuli hizo mbili zilikuwa kazi moja. Mkulima alimsikiliza mwelekezaji wa kunyunyiza dawa kwa sababu alijua kuwa mtu huyo angebeba neno lake pia.

3.0 Mizani bila masikio, 1933–1937

Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932, KNPA iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa mwaka 1933 na Chama Kikuu cha Ushirika Kilimanjaro, KNCU, kikiwa na vyama vya msingi chini yake. Umeneja ulishikwa na Mwingereza, A.L.B. Bennett. Kwa mtazamo wa kiutendaji mfumo huu ulikuwa imara kuliko uliotangulia. Mkulima alipeleka kahawa ya maganda kwenye chama chake, ikapimwa, akapokea malipo ya awali. Salio lilisubiri mauzo. Mwaka 1934 amri ya mamlaka za wenyeji iliwalazimisha wakulima wote kuuza kupitia KNCU.

Mfumo wa namna hii unadai maelezo mengi. Kwa nini malipo yanakuja kwa mafungu? Makato ni ya nini? Kwa nini mfanyabiashara binafsi anaweza kutaja bei kubwa zaidi siku hiyohiyo? Karani aliyesimama mizanini ndiye aliyekabiliwa na maswali hayo, ilhali uamuzi ulifanywa Moshi mjini na kwingineko. Malipo yaliposhuka, upinzani ulienea. Baadhi ya wakulima walikimbilia mahakamani, na mwaka 1937 zikazuka ghasia ambamo majengo ya baadhi ya vyama vya msingi yalishambuliwa. Serikali ilijibu kwa kukamata viongozi wa upinzani na kwa kuimarisha kisheria ulazima wa kuuza kupitia chama.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba ghasia zilitokana na upungufu wa maelezo pekee. Bei ya dunia, amri ya lazima na nafasi ya Wamangi katika kuisimamia amri hiyo vilikuwa na uzito mkubwa. Jambo linalosisitizwa hapa ni finyu zaidi: kilo zilizopimwa hazikuweza kuuonyesha utawala hali ya imani ya wakulima, na njia iliyokuwa ikiipeleka habari hiyo juu ilikuwa imekwisha kufungwa.

4.0 Kompyuta ya Hazina, 1965–1974

Tatizo hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine pale kompyuta ilipoingia nchini. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu za serikali zikahamishiwa katika mfumo huo. Uendeshaji uliwategemea sana wataalamu wa kigeni. Matokeo hayakuridhisha, na mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, zuio lililokuja kulegezwa baadaye. Sababu za kushindwa zilikuwa zaidi ya moja. Lakini pale ambapo mtaalamu anayeuelewa mfumo hatokani na wanaoutumia, na hakai muda wa kutosha kuwajua, kosa dogo la hesabu hukosa mtu wa kulifuatilia hadi chanzo chake.

5.0 Karani mbele ya skrini

Leo Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania inatumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, kwa usajili, kumbukumbu na taarifa za vyama. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho asili yake ni Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963, kinaendelea kuandaa watumishi wa sekta hiyo. Kwa hiyo programu na ushirika vimekutana katika mji uleule ulioshuhudia mvutano wa miaka ya 1930.

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi anayeulizwa na mzee mwanachama kwa nini tarakimu iliyo kwenye skrini haifanani na iliyo kwenye stakabadhi yake. Kumweleza kunaweza kuchukua nusu saa. Katika ripoti ya siku, nusu saa hiyo itasomeka kama ucheleweshaji. Kwa mujibu wa historia iliyojadiliwa, hiyo huenda ndiyo nusu saa yenye tija kubwa kuliko zote za siku hiyo, mradi swali la mzee lisiishie kwa karani bali limfikie aliyeandika programu.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba KNPA iliunganisha pande mbili za uunganishi, na kwamba mfumo uliofuata ulijipatia nguvu ya kupima na kulipa bila kulinda njia ya malalamiko. Kwa waundaji wa programu na waajiri wao, funzo ni la kiutendaji: tathmini ya kazi ihesabu pia maswali yaliyopokewa, yaliyopandishwa na yaliyojibiwa kwa marekebisho. Karani asiyehesabiwa kwa kazi hiyo ataiacha polepole, na wanachama watatafuta njia nyingine ya kusikika, kama walivyofanya mwaka 1937.