Shaba ya Jirani na Kazi za Tunduma

Kahawa ya Mbozi huwapa watu kazi mahali ilimwapo na ichumwapo. Shaba ya Zambia imewapa watu wa Tunduma kazi ingawa haichimbwi kwao. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, reli ya kusini iliyochukua shaba hiyo iliingia mashakani, na malori yakaelekezwa Dar es Salaam kwa kupitia Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita hapo hapo.

Tofauti ya bidhaa hizo mbili ni hii: kahawa huajiri kwa msimu, yaani wachumaji, wakoboaji na wachukuzi, shaba huajiri kwa safari, yaani dereva na utingo wake, wakala wa forodha, mama lishe na mwenye nyumba ya wageni. Ile hutegemea mvua na bei. Hii hutegemea lango. Mwezi wa Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, malori yalisimama, na riziki za waliowahudumia wasafiri zikasimama pia.

Basi Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, ulirithi ajira za namna mbili, na moja kati yake ufunguo wake hushikwa na nchi mbili.